Pete Iliyovuliwa Tumboni

Johannesburg,
8 Februari 2009

Dada Luciana,

Shikamoo. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Valerian na mwanangu Jenifer. Mimi mzima. Huku mvua inanyesha kila alasiri, ya ghafla, na ikikatika lami inatoa moshi. Nasimama mlango wa nyuma wa jiko la hoteli nikijidanganya kwamba ule moshi ni ukungu wa Mwimbi, na kwamba nikiupenya nitakukuta upande wa pili unatoka kisimani na ndoo yako kichwani.

Unga wa ulezi ulifika. Eustaki, yule dereva wenu wa lori, aliuleta mpaka mlangoni, akakataa hata chai. Nimeuweka kabatini. Siku nyingine nafungua mfuko, nanusa, nafunga.

Kazini wamenipandisha, sasa mimi ndiye msimamizi wa zamu ya mchana. Wapishi kumi na wawili, na kila sufuria lazima niionje mimi. Cheka, dada. Mwaka wa nne huu tangu nifungwe ile pete ya mpira kwenye mdomo wa mfuko wa chakula ili nishibe kwa kidogo, halafu mimi huyo huyo ndiye nalipwa kuonja! Pete inafanya kazi yake, usiwe na wasiwasi. Siku hizi nalala nimekaa, nimeegemea mito mitatu. Ni joto tu.

Naota sana chakula. Juzi niliota tuko wadogo, mama ametukalisha kwenye mkeka, ametuwekea ugali wa ulezi na samaki, migebuka wa kukaanga, na kila nikinyoosha mkono sahani inasogea polepole, kama mtumbwi unaoachia ufuko. Sikukasirika. Niliitazama ikienda.

Msalimie shemeji. Nisalimie na kaburi la mama.

Mdogo wako,
Edith


Mwimbi,
20 Machi 2009

Mdogo wangu Edith,

Marahaba. Barua yako ilikaa parokiani wiki mbili, daraja lilichukuliwa na maji. Sisi hatujambo. Mahindi yamesimama vizuri kuliko mwaka jana, ulezi ndio umezidiwa na magugu. Jenifer yuko kidato cha tatu na ameanza kunisahihisha Kiswahili. Yule jirani yetu mfugaji, Mboje, ng'ombe wake wawili wamezaa, na mkewe Kija ananiletea maziwa mgando kila Jumamosi, anasema nimekonda. Nimemwambia ni kazi.

Shemeji yako anasema tuachane na makaratasi, tupige simu. Lakini mtandao unashika kule kilimani tu, na pale kilimani watu wanakaa kusikiliza simu za wenzao kama wanasikiliza redio. Mambo ya tumbo la mdogo wangu siwezi kuyapigia kelele mbele ya Mwimbi nzima.

Sasa nisikilize. Johannesburg kuna joto gani hilo la kumfanya mtu alale amekaa? Mama alilala amekaa mwaka wake wa mwisho. Na ulezi unanusa tu, huupiki. Mimi sikusoma sana lakini kusoma barua najua.

Nimekuota na mimi. Ulikuwa umepiga magoti kisimani, unakunywa kwa viganja, na maji yalikuwa yanarudi. Hayakumwagika, yalirudi yenyewe kisimani bila sauti. Nikakuuliza, unakunywa au unatoa? Ukacheka. Sikupenda kicheko kile.

Uniambie ukweli. Na usinicheke kwa herufi hizi kubwa kubwa, kalamu ya Jenifer ni mbovu.

Dada yako,
Luciana


Johannesburg,
2 Mei 2009

Dada,

Shikamoo. Baridi imeanza, miti ya barabara yetu imepukutika yote ndani ya wiki moja. Nafurahi mahindi yamesimama. Mwambie Jenifer aendelee kukusahihisha, unahitaji.

Nilikudanganya. Siyo joto.

Tangu mwezi wa kumi chakula hakipiti. Nikila tonge tatu, la nne linasimama hapa kifuani, linakaa, mate yananijaa mdomoni mpaka nikimbilie chooni. Nikilala chali maji ya tumbo yanapanda kooni yananichoma. Ndiyo maana ya mito. Nimekuwa nikiishi kwa mtindi na supu na aiskrimu, na aiskrimu inapita vizuri sana, dada, kwa hiyo hata kukonda sikondi.

Wiki ya Pasaka tulikuwa na wageni mia mbili. Nikaonja kipande cha nyama, kidogo kama ukucha, kikaniziba. Nilijikuta nimekaa sakafuni kati ya majiko, wapishi wangu wamenizunguka, na nilikuwa naona vinywa vyao vinafunguka bila kusikia neno. Kulikuwa na utulivu wa ajabu. Niliwaza: sufuria ya mchele itaungua.

Daktari wangu ni mwanamke, Mhindi wa hapa hapa, Daktari Pillay. Aliweka picha ukutani akanionyesha kwa kalamu.

"Pete imeteleza," akasema. "Sehemu ya tumbo imepanda juu yake. Tunaitoa mwezi huu."

"Mkiitoa nitanenepa tena?"

"Wengi hunenepa."

Nikauliza kama wanaweza kunifunga nyingine. Akatikisa kichwa. Alisema siku hizi wanafanya upasuaji mwingine, wanauita wa mkono wa shati. Wanakata mfuko wa chakula kwa urefu, wanaondoa robo tatu, wanashona unaobaki ukawa mwembamba kama ndizi. Hakuna pete wala mpira. Lakini hawawezi kufanya yote siku moja kwangu, lazima kwanza kidonda cha pete kipone, miezi mitatu hivi. Na akaniangalia machoni: "Pete tuliiweka, tunaitoa. Hiki tukishakikata hakirudi."

Pete inatoka tarehe 18. Hilo la pili nimeambiwa nifikirie. Nakuuliza wewe kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza.

Edith


Mwimbi,
14 Juni 2009

Edith,

Marahaba. Tumevuna. Valerian ana mafua. Anayeandika ni Jenifer, mimi nasema yeye anaandika, maana mikono yangu imechanika kwa kukata ulezi.

Jibu langu ni hapana.

Pete ilikuwa kitu cha kuazima, mtu anavaa, anavua, anabaki yeye. Hicho unachotaka kukatwa ni wewe. Umesahau mguu wa mama? Ulikuwa Lusaka wakati ule, unauza maharage, hukuwepo. Mimi ndiye niliyeupokea. Walinikabidhi hospitali umefungwa kwenye shuka, mzito kama mtoto wa miaka miwili, nikaupakata kwenye gari la mahindi kutoka Sumbawanga mpaka nyumbani. Katekista Baltazari alisali, tukauzika. Mama akiwa mzima, anatuona kupitia dirishani tunazika mguu wake! Akaniuliza jioni, "Mmeuelekeza wapi?" Miezi saba baadaye akaufuata.

Sasa wewe huko watakukata robo tatu ya mfuko wa chakula. Wataupeleka wapi? Nani ataupokea? Umeuliza?

Rudi nyumbani. Utalima, utatembea, utakula ugali wa ulezi na mboga za majani, utapungua kama watu wanavyopungua. Kuna upepo hapa unaomaliza mafuta yenyewe.

(Mama mdogo, shikamoo. Mama kila mara anasema "andika". Nimeandika kama alivyosema. Jenifer.)

Dada yako,
Luciana


Johannesburg,
19 Julai 2009

Dada Luciana,

Shikamoo. Pole kwa mikono. Shemeji anywe maji ya moto.

Pete imetoka. Daktari alinionyesha kwenye kisahani: kitu chepesi cheupe, kama mpira wa kufungia chupa za chai, na kijimrija kirefu. Nikaona aibu, kana kwamba nimeonyeshwa mtu niliyemwogopa miaka minne, kumbe ni mfupi.

Wiki mbili za kwanza nilikula kama niko peponi. Nilipika ule ulezi wako, dada. Ulipita wote. Nililia nikiwa nimeshika mwiko. Halafu njaa ikarudi, ile ya zamani, na hiyo wewe huijui kwa sababu wewe ulizaliwa na mwili wa baba. Siyo njaa ya tumbo tupu. Nakula, nashiba, na mtu mwingine ndani yangu bado hajakaribishwa mezani. Nimerudisha kilo kumi na moja. Daktari amenipima damu, sukari imeanza kupanda. Ni ile ile ya mama, dada. Mimi sikuupakata mguu wake, lakini nimeuota kila mwaka tangu afe, unatembea peke yake njia ya kisimani.

Wewe unaniambia nisikatwe kwa sababu ya mama. Mimi nakatwa kwa sababu ya mama.

Nimeuliza swali lako. Daktari Pillay aliweka kalamu chini. "Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza," akasema. Wanaupeleka maabara kuuchunguza, kisha unachomwa moto pamoja na vya wengine. Aliongeza, polepole: "Nitasimama kidogo kabla hawajauchukua. Hilo naweza." Nilimshukuru.

Ni Jumatatu, tarehe 24 Agosti, asubuhi. Sikuombi ukubali. Nakuomba siku hiyo unitaje kwenye misa.

Mdogo wako,
Edith


Johannesburg,
20 Septemba 2009

Dada,

Shikamoo. Sijapata barua yako tangu ile ya Juni. Labda daraja. Labda umenikasirikia. Naandika hivyo hivyo.

Nimeamka salama. Waliponidunga sindano waliniambia nihesabu kurudi nyuma kutoka kumi. Nilifika saba, nikawa nyumbani. Nilikuwa natembea kwenye nyasi kavu za mwezi wa nane, zile za rangi ya simba, hazina mwisho, upepo unazilaza zote upande mmoja halafu zote upande mwingine. Sikuwa na uzito. Sikuwa mwembamba wala mnene, nilikuwa sina habari. Mbele yangu kulikuwa na mtu anatembea, amevaa kanga, hageuki, na sikuwa na haraka ya kumfikia. Nikasikia mtu ananiita kwa Kiingereza nivute pumzi, na maumivu yakanirudisha.

Sasa nakunywa kwa kijiko. Nusu kikombe cha supu kinanichukua saa nzima. Nywele zinatoka kwenye kitana. Daktari anasema zitarudi. Lakini nalala chali, dada! Nalala chali kama mtoto, hakuna kinachopanda. Na yule mtu wa ndani amenyamaza. Namtafuta asubuhi, simkuti.

Niandikie hata matusi.

Edith


Sumbawanga,
5 Oktoba 2009

Mdogo wangu Edith,

Marahaba, na pole kwa kisu. Nashukuru umeamka. Sikukukasirikia, au nilikukasirikia kidogo, yakaisha. Niko mjini kwa shughuli ndogo, nitarudi Mwimbi karibuni. Jenifer yuko likizo, ndiye anayeandika. Mwaka huu mvua zitachelewa, kumbikumbi hawajatoka. Mjini Sumbawanga maduka yamekuwa mengi, kila mlango ni duka la simu. Kula vizuri, hata kama ni kwa kijiko.

Dada yako,
Luciana

Mama mdogo, shikamoo. Mama amelala sasa, naongeza mimi, na akijua atanichapa japo nimemzidi urefu. Shughuli ndogo ni hospitali. Tuko wodini wiki ya tatu. Ana kisukari, alikuwa anajua tangu mwaka jana na alimficha hata baba. Macho yake hayaoni vizuri, ndiyo sababu ya herufi kubwa, na ndiyo sababu ninamwandikia. Siyo mikono iliyochanika kwa ulezi.

Tarehe 24 Agosti padre hakuwa parokiani, alikuwa na misa kwenye kigango cha mbali. Mama alivaa viatu vipya vya plastiki akatembea kwa miguu, mwendo wa saa tatu kwenda, saa tatu kurudi, ili ukatajwe kwenye misa. Alikuwa amesema hapana, lakini alikwenda. Viatu vilimchubua na yeye hakusikia maumivu, miguu yake siku hizi haisikii. Tuliona damu kwenye soksi. Sasa vidole viwili vya mguu wa kushoto vimekuwa vyeusi. Madaktari wanasema wavikate mapema ili mguu ubaki. Mama amekataa. Anasema anajua kinachofuata baada ya kuzika kipande cha mtu.

Njoo, mama mdogo.

Jenifer


Johannesburg,
31 Oktoba 2009

Dada,

Barua yenu nimeipata jana. Nimepiga simu ya shemeji tangu jana, haipatikani. Nampa Eustaki hii, anaondoka na lori keshokutwa kupitia Tunduma; na mimi napanda basi Jumanne, Lusaka, Mbala, nishukie mpaka wa Kasesya, Matai, Sumbawanga. Inawezekana nikafika kabla yake.

Usimchape Jenifer.

Wamekupa ukweli na wewe ukaukalia, kama nilivyoukalia mimi kwenye mito mitatu. Tulikuwa wagonjwa wawili wa ugonjwa mmoja, kila mmoja anampa mwenzake pole ya mafua ya Valerian.

Nisikilize kama nilivyokusikiliza, maana swali lako nililibeba mpaka kwa daktari. Mama hakufa kwa sababu ya kukatwa. Alikatwa amechelewa. Robo tatu ya mfuko wangu imekwenda motoni na mimi niko hapa, naandika, nakupenda, nina hasira na wewe. Sijapungua mahali popote panapokuhusu. Waruhusu wavikate. Kama unataka kusubiri nifike, subiri, lakini siku moja usizidishe.

Nakuja.

Edith


Mwimbi,
17 Januari 2010

Mdogo wangu Edith,

Marahaba. Umefika salama, Eustaki ameniambia. Hapa ni kijani mpaka macho yangu mabovu yanaona. Valerian analima peke yake, anajisifu. Sukari yangu inapimwa Matai kila Alhamisi, nachomwa sindano, nimezoea. Kidonda kimefunga. Natembea na fimbo, upande mmoja kama bata.

Huyu anayeandika ni Jenifer tena, ila leo hafichi kitu.

Nataka kukuuliza. Siku zile za hospitali nilikuwa na homa, na mambo yamenichanganyikia, yaliyotokea na niliyoota. Wewe ulikuwepo, niambie lipi ni lipi.

Nakumbuka mwanamke mwembamba amesimama mlangoni mwa wodi, kitambaa kichwani, nikadhani ni wale wa parokia wanaokuja kusali. Akasema "Shikamoo dada", na sauti ilikuwa yako. Nikakataa. Nikamwambia, sauti ya mdogo wangu umeitoa wapi? Hilo ni kweli?

Nakumbuka Kija amekuja na maziwa, akakuangalia, akaninong'oneza, "Mdogo wako anaumwa ule ugonjwa?" Nami nikamjibu kwa sauti, wodi nzima ikasikia: "Aliumwa. Amepona." Naomba hilo liwe kweli.

Nakumbuka sahani moja, ugali na mgebuka mmoja. Wewe ulikula tonge sita ukaacha. Mimi nikala sita nikaacha, kwa sababu ya amri ya daktari. Tukatazamana. Tangu utoto mmoja wetu alikuwa anabaki anakula peke yake.

Nakumbuka nimeweka dole gumba kwenye wino, kwenye karatasi yao, na mkono wako umeshika kiwiko changu.

La mwisho ndilo linanisumbua. Baada ya kukatwa, asubuhi, nilisikia mvua ya kwanza inakuja kutoka vilima vya Mbizi. Nikasema nataka kuiona. Na wewe ukanigeuzia mgongo, ukachuchumaa, ukanibeba kama mtoto mpaka dirishani, tukasimama hapo muda mrefu, kidevu changu kwenye bega lako, mpaka maji yakaanza kuingia ndani. Hili najua ni ndoto. Wewe miaka yote ngazi mbili zilikuwa zinakumaliza pumzi, na mimi ni mtu mzima mwenye mifupa. Lakini nimeliona wazi kuliko mengine yote, na silitaki liondoke.

Dada yako,
Luciana


Johannesburg,
9 Februari 2010

Dada Luciana,

Shikamoo. Mimi mzima. Nywele zimeanza kurudi, fupi, ngumu, kama za mvulana. Nimerudi jikoni.

Mlangoni, ni kweli. Ulinifukuza mara mbili. Kija, ni kweli, na alilia akaniomba msamaha. Tonge, mimi nilikula tano, wewe saba, lakini iwe sita. Wino ni kweli.

Na dirishani, dada, ni kweli. Nesi alitukuta akanikaripia kwa sababu ya mshono wangu, nikamwambia dakika moja tu, na haikuwa dakika moja, tulikaa mpaka mvua ikapita juu ya mji wote. Hukuwa mzito. Miguu yangu haikutetemeka. Ulikuwa umelala kabla sijakurudisha kitandani, ndiyo maana ukadhani ni ndoto.

Mdogo wako,
Edith